Makanisa ya Antigua: Ya Kusali au ya Kutazama?

Kutoka uwanja mkuu wa Antigua Guatemala hadi kanisa la La Merced ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Katika mwendo huo utaliacha nyuma kanisa kuu ambalo sehemu yake ya mbele ni parokia yenye waumini na sehemu ya nyuma ni magofu yasiyo na paa. Utapita chini ya tao la Santa Catalina, lililojengwa ili watawa wavuke barabara pasipo kuonekana. Kisha utasimama mbele ya ukuta wa manjano uliofunikwa mapambo meupe ya lipu, mizabibu ikipanda nguzoni toka chini hadi juu.

Zamani mji huu uliitwa Santiago de los Caballeros. Ulianzishwa katika bonde la Panchoy mwaka 1543, baada ya mji uliotangulia kufukiwa na maji na tope kutoka mlima Agua mwaka 1541. Kwa zaidi ya miaka 200 ulikuwa makao ya utawala wa Hispania katika nchi zote kuanzia Chiapas, ambayo leo ni jimbo la Meksiko, hadi Costa Rica. Kila shirika la kitawa lililotaka kuonekana lilijenga hapo. Tarehe 29 Julai 1773 ardhi ilitikisika, mji ukavunjika, na mwaka 1776 serikali ikahamia bonde jingine, ulipo Mji wa Guatemala wa leo. Mwaka 1979 UNESCO iliuingiza mji wa kale katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo wageni wamezidi kumiminika.

Swali letu ni hili: mgeni ayaendee makanisa hayo kwa nia gani? Na yale yaliyobomoka, yajengwe upya au yaachwe? Nimewaweka barazani watu watatu. Mjomba ni katekista mstaafu na Mfransisko wa Utawa wa Tatu. Mpwa wake ni msanifu majengo anayeshughulika na majengo ya kale. Mwalimu, jirani yao, amefundisha historia muda mrefu. Mimi nitaingia kati pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MJOMBA: Mimi nianze na Ndugu Pedro, maana katika mji huo yeye ndiye mwenyeji wangu. Pedro de San José Betancur alizaliwa Vilaflor, kisiwani Tenerife, mwaka 1626. Alikuwa mchunga kondoo. Alifika Santiago mwaka 1651, maskini na mgonjwa. Alitamani upadre, lakini masomo yakamshinda, akajiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, utawa ambao na mimi nimo. Aliwaona wagonjwa wanatolewa hospitali wakiwa hawana nguvu wala mahali pa kulala, akaanzisha nyumba ya kuwatunza mpaka wasimame. Usiku alipita mitaani na kengele akiwasihi watu waombee roho za marehemu na watubu dhambi zao. Alifariki mwaka 1667 akiwa na miaka 41. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2002, tena huko huko Guatemala, mbele ya watu wake.

Masalia yake yamo katika kanisa la San Francisco. Watu huenda na magongo waliyoacha kuyatumia, picha za watoto waliopona, vibao vya shukrani. Wengine hugonga kaburi lake la zamani polepole kwa vidole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani anayemwamini. Sasa niambie, mwanangu. Mama amepiga magoti pale, ana lake moyoni. Anakuja mtu na simu, anainua mkono, anampiga picha, anaondoka. Huyo ameona nini? Mimi nasema kanisa lisilosaliwa litafutiwe wa kusali humo, na anayeingia pasipo nia ya kusali abaki nje.

MPWA: Mjomba, juu ya mama huyo sina ubishi. Mtu anayesali asipigwe picha, basi. Lakini kanisa ulilolitaja ndilo linalonikera. San Francisco lilianguka mwaka 1773, likakaa magofu karibu karne mbili. Katika miaka ya 1960 likajengwa upya ili ibada irudi. Mlangoni bado utaziona nguzo za kale zilizosokotwa. Ukiingia ndani, sehemu kubwa unayoiona ni kazi ya karne ya 20, na mgeni wa kawaida hana namna ya kujua ya kale inaishia wapi. Anaambiwa anatazama kazi ya miaka ya ukoloni, naye anaamini. Sheria ya kuulinda mji huo na kuunda baraza la kuuhifadhi ilipitishwa na Bunge la Guatemala mwaka 1969. Ingetangulia miaka 10 tu, tungekuwa na mjadala mwingine.

MJOMBA: Na Ndugu Pedro angeombwa wapi? Kwenye vifusi?

MPWA: Angeombwa, Mjomba. Lakini acha nikuonyeshe magofu yanasema nini, maana wewe unayaona kama kanisa lililokufa. Nenda La Recolección, upande wa magharibi wa mji. Wafransisko wa Rekoleti walilizindua kanisa lao mwaka 1717. Mwezi wa Septemba mwaka uleule likaja tetemeko la San Miguel, likaliumiza. Likatengenezwa. Mwaka 1773 likaanguka kabisa. Leo mapande ya dari la matofali yamelala sakafuni, mengine ni makubwa kuliko chumba, bado yana mpindo wake. Ukilishika pande moja unaona matofali, unaona chokaa, unaona unene. Unaelewa mara moja kilichotokea: dari la matao husimama kwa kubanwa na kuta pande zote mbili, na ukuta ukiyumba nje hata kidogo, dari linakosa egemeo na uzito wote unashuka. Hakuna kitabu kitakachokufundisha hivyo. Paa jipya lingeufuta ushahidi wote.

Kisha toka hapo uende La Merced. Mafundi wa mji ule walikuwa wameona mwaka 1717. Wakaanza kujenga kwa hofu, na hofu ile ikawa akili. Minara ya kengele ikafupishwa. Kuta zikanenepa. Nguzo zikawa nene na fupi. Madirisha yakapungua ukubwa. La Merced iliyosimama leo ilizinduliwa mwaka 1767 chini ya fundi mkuu Juan de Dios Estrada. Miaka 6 baadaye ardhi ikatikisika, na kanisa likabaki. Mgeni asiyejua huliona fupi na zito, akaona halina ule urefu wa makanisa ya Hispania au Meksiko. Ufupi ule ndio ulioliokoa. Na yote hayo huyaoni mpaka umesimama La Recolección kwanza.

MJOMBA: Unasema vizuri. Lakini unasema kuhusu mawe.

MPWA: Basi niseme na kuhusu watu. Kuna nyumba ya watawa Wakapuchini, Las Capuchinas, iliyowekwa wakfu mwaka 1736. Aliyeijenga ni Diego de Porres, wa ukoo wa mafundi waliojenga nusu ya mji. Baba yake, Joseph de Porres, ndiye aliyesimamia kanisa kuu lililowekwa wakfu mwaka 1680. Wakati ule msichana aliyetaka utawa alipaswa kuja na mahari kwa konventi, fedha nyingi. Wakapuchini walimpokea asiye na kitu. Nyuma ya kanisa lao kuna jengo la mviringo lenye vyumba 18 vidogo vikizunguka ua wa wazi, kila kimoja na mfereji wake wa maji machafu. Chini yake kuna ukumbi wa mviringo wenye nguzo moja nene katikati. Wataalamu bado wanabishana ulikuwa wa nini, kufulia au kuhifadhia vyakula. Ukisimama ndani ya chumba kimoja na ukaunyoosha mkono, unajua mwanamke yule aliishi vipi. Mimi nilikaa humo muda mrefu bila kusali, Mjomba, na bado najua sikupoteza muda.

Hapo niseme langu. Mjomba alikaa kimya, nami nilimwelewa. Mtu aliyezoea taa nyekundu ya tabenakulo akiingia kanisa lisilo na paa, lenye nyasi pale ilipokuwa altare, moyo unamuuma. Maumivu hayo ni ya haki. Lakini ukweli wa Mpwa nao hauondoki: yaliyobomoka pale yanafundisha jambo ambalo yaliyokarabatiwa hayawezi kulifundisha.

MJOMBA: Na hoteli je? Wadominiko walikuwa na konventi kubwa kuliko zote mjini. Leo Santo Domingo ni hoteli. Watu wanakula chakula cha jioni mahali mapadre walipokuwa wakiimba zaburi. Huo nao ni uhifadhi?

MPWA: Swali gumu. Wenye hoteli waliyachimbua magofu kwa uangalifu, wakafungua makumbusho, na makaburi ya chini ya ardhi yenye michoro ukutani yakapata kuonekana. Fedha ya wageni ndiyo inayolipia. Bila hivyo palikuwa vifusi na vichaka. Lakini hata mimi sipendi kuona kanisa likigeuzwa pambo la harusi za matajiri. Namkubali mwenye kuhifadhi. Simkubali anayekufanya usahau upo mahali gani.

MWALIMU: Mniwie radhi, kaka na binti yangu. Nimewasikiliza, na kila mmoja ana lake zuri. Lakini mmeanza mjadala katikati. Mmewataja waliosali na mmewataja waliosanifu. Waliobeba mawe je?

Wahispania hawakubeba mawe. Vijiji vya Wakaqchikel kuzunguka bonde vililazimishwa kutoa watu kwa zamu, wiki baada ya wiki, kwa ujira mdogo, wakati mashamba yao yanasubiri. Mfumo huo uliitwa repartimiento. Na kulikuwa na Waafrika, waliovushwa Atlantiki wakiwa watumwa na wazao wao waliozaliwa hapo. Hao Wadominiko wa Santo Domingo tunaowahurumia kwa konventi yao kugeuzwa hoteli, walikuwa na shamba kubwa la miwa San Jerónimo, huko Verapaz, lililolimwa na Waafrika watumwa. Altare zilizopakwa dhahabu zina chanzo. Sisi tunaoongea Kiswahili tunajua masoko ya watumwa yalikuwa nini. Hatuwezi kuingia makanisa yale tukajifanya hatujui.

MJOMBA: Mwalimu, hilo limenichoma, wala silikatai. Ni dhambi, na iitwe dhambi.

MWALIMU: Ahsante, kaka. Sasa la pili. Tunasema tetemeko liliyaua makanisa ya Antigua. Lilichangia. Wajesuiti walifukuzwa katika himaya yote ya Hispania mwaka 1767 kwa amri ya Mfalme Carlos III, kwa hiyo kanisa na chuo chao havikuwa tena mikononi mwao miaka 6 kabla ya ardhi kutikisika. Mwaka 1829 serikali ya kiliberali ikawafukuza wengi wa watawa wa kiume waliobaki. Kwa hiyo hata kama kila paa lingerudishwa, wengi wa kukaa ndani hawakuwapo. Siasa ilibomoa pamoja na ardhi.

Na mjadala mnaoufanya nyinyi, wenyeji wa mji waliufanya kabla yenu, tena kwa ukali. Baada ya tetemeko, gavana Martín de Mayorga alitaka mji uhamishwe. Askofu Mkuu Pedro Cortés y Larraz alikataa kata kata, akasema watu wajenge palepale. Pakawa na kambi mbili, waliotaka kuhama na waliotaka kubaki. Mfalme akaamua mji uhamishwe. Ikaamriwa vitu vihamishwe: kengele, sanamu, milango, chochote cha kufaa. Sanamu ya Yesu Mnazareti ya La Merced, iliyochongwa na Mateo de Zúñiga katikati ya karne ya 17, leo iko mji mkuu, katika La Merced ya huko. Askofu Mkuu alishikilia msimamo wake mpaka akaondolewa, mwingine akaletwa mahali pake mwaka 1779.

Lakini angalieni nani aliyelipa. Jocotenango kilikuwa kijiji jirani na Antigua. Watu wake wengi walihamishwa wakaujenge mji mpya, maana Wahispania hawakuwa na nia ya kubeba mawe mara ya pili pia. Mji mkuu una mtaa uliobeba jina hilo, na kila Agosti husherehekea sikukuu ya Jocotenango, ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Kijiji kilijenga miji mikuu miwili. Mgeni anayepiga picha La Merced hajasikia hata jina lake.

MPWA: Mwalimu, hilo ni la kweli, na linanipa hoja nyingine. Ukilijenga upya gofu, unalirudisha katika utukufu wa waliolimiliki. Ukiliacha lilivyo, tofali linabaki wazi, na mtu anaweza kuuliza nani alilichoma.

MJOMBA: Subiri, mwanangu, usikimbie. Mnawaongelea Wakaqchikel na Waafrika kama watu waliobeba tu. Walisali pia. Imani ile waliletewa kwa upanga, nasema hivyo bila kuficha. Lakini waliichukua wakaifanya yao, na leo wao ndio wenye Kanisa Guatemala. Mwaka 1594 mchongaji Quirio Cataño alipewa kazi mjini Santiago ya kuchonga Msalaba wenye Kristo kwa ajili ya watu wa Esquipulas. Ni Kristo mweusi. Kila Januari mahujaji wanafurika kumwendea, kutoka Guatemala na nchi za jirani. Nani atawaambia kwamba yule ni wa Wahispania?

Na nenda Antigua wakati wa Kwaresima. Familia nzima inakesha barabarani ikitandika zulia la vumbi la mbao lililotiwa rangi, maua, majani ya msonobari. Kazi ya usiku kucha. Alfajiri ya Ijumaa Kuu maandamano yanatoka La Merced, wanaume wamevaa kanzu za zambarau, wamebeba begani jukwaa la sanamu nyingine ya Mnazareti ambalo kundi kubwa linaliinua kwa zamu. Wanakanyaga zulia. Linaisha. Waliolitandika wanasimama pembeni wakitazama, nao wameridhika, kwa sababu lilitandikwa lipitiwe. Mwaka 2022 UNESCO ililitambua Juma Kuu la Guatemala kuwa urithi usioshikika. Sasa Mpwa wangu aniambie: kati ya zulia lile na pande la dari la La Recolección, Antigua iko wapi?

MPWA: Iko kwenye zulia, Mjomba. Nakubali.

MWALIMU: Nami nakubali. Lakini ukiulizwa zulia linatandikwa juu ya nini, utarudi kwenye mawe.

Nilipowaacha bado wakiongea, kila mmoja alikuwa amesogea kidogo kutoka alipoanzia, na hakuna aliyehama kabisa. Nitatoa hukumu yangu, maana mwandishi anayewaalika watu barazani halafu akajificha hafai.

Magofu yaachwe magofu. La Recolección, konventi ya Santa Clara, Las Capuchinas, upande wa nyuma wa kanisa kuu: yaimarishwe yasimwangukie mtu, yasafishwe, yasipewe paa jipya. Guatemala ilitikiswa tena tarehe 4 Februari 1976, wakafa watu wapatao 23,000 nchini kote, na majengo ya Antigua yakapasuka tena. Nchi hiyo inahitaji mahali panapoonyesha wazi tetemeko linafanya nini kwa jengo. San Francisco nalo, kwa upande mwingine, libaki lilivyo, hata kama wahifadhi wanaguna. Lina mtakatifu na lina wanaomwendea. Uamuzi wa miaka ya 1960 umekwisha kuwa sehemu ya historia yake, na kuubomoa kungekuwa kosa juu ya kosa. Linalotakiwa ni kibao mlangoni kinachosema kweli: hiki ni cha miaka ya ukoloni, hiki ni cha karne ya 20.

Kuhusu mgeni, namwunga mkono Mjomba kwa nusu. Asiyesali asifungiwe mlango. Ndugu Pedro hakumfungia mtu. Lakini katika kanisa lenye misa, mwenye nyumba ni yule anayesali, na mgeni ajipime kwake: akae nyuma, avae kwa heshima, simu iwe mfukoni. Kwenye magofu atalipa kiingilio, na alipe bila manung'uniko, kwa kuwa mawe hayajishikilii yenyewe.

La Mwalimu nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Katika makanisa haya utasikia majina ya maaskofu, magavana na mafundi wakuu. Wakaqchikel na Waafrika watatajwa kwa sentensi moja, kama watatajwa. Hilo linaweza kubadilika kwa gharama ndogo mno, kwa wageni kuuliza tu. Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kufika Antigua, anza na misa ya asubuhi La Merced, ukae nyuma na watu wa mji. Kisha nenda La Recolección, usimame kati ya yale mapande, na umwulize anayekutembeza ni nani aliyeyabeba mawe hayo na alilipwa nini. Akikosa jibu, mtajie Jocotenango.